Pasipoti kwenye ndoo ya mchele

Jana nilimtuma binti yangu akachote mchele, akarudi na kifuko cha nailoni. "Mama, kwa nini pasipoti yako inalala na mchele?"

Nikamwambia unyevu wa Mtwara unaharibu makaratasi. Ni kweli, ila si jibu.

Agosti 2023. Nilikuwa mwaka wa tatu najitolea wodi ya wazazi, posho ya nauli inakuja ikijisikia. Wakala alitupata kwa simu, mimi na mwenzangu wa zamu: kulea wazee Uingereza, ndege juu yao, nyumba juu yao. Laki 2 za fomu nilishatoa. Ilibaki saini ya mdhamini mwenye shamba, nikamwita mjomba kutoka Newala. Kwetu Wamakonde mjomba ana kauli juu ya watoto wa dada yake, na hasaini hivi hivi.

Tulikaa uani kwenye gesti moja ya Shangani. Wakala, kijana wa shati jeupe, akaagiza soda tatu, kisha akatoa bunda la pasipoti lililofungwa raba. Akaichukua na yangu, akaichomeka katikati.

"Za nani hizi?" mjomba akauliza.

"Za wenzake, mzee wangu. Tunawatunzia, zisipotee."

Mjomba hakugusa soda. Akanisogezea mkataba. "Mpwa wangu, nisomee. Kwa Kiswahili."

Nilikuwa nimeshausoma mara mbili kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza ulikuwa umevaa tai. Sasa nikaanza: gharama zote za safari, shilingi milioni 14, ni mkopo. Utakatwa kwenye mshahara. Utakaa nyumba utakayopangiwa, kodi itakatwa. Ukiacha kazi kabla ya miaka 3, deni lote linadaiwa siku hiyohiyo. Nilivyoendelea ndivyo sauti ilivyokuwa inapungua, mpaka mjomba akaniambia niongeze.

Alikuwa anahesabu kwa vidole. "Na mshahara wameandika ni kiasi gani?"

"Itategemea saa atakazopata," wakala akadakia.

Mjomba akacheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Mwaka mmoja wa njaa alichukua debe la mahindi Februari, Oktoba akalipa gunia zima la korosho. Huko kwetu biashara hiyo, ya kununua korosho kwa bei ya kutupa kabla hazijavunwa, huitwa kangomba. Hapendi kulitaja. "Hii kangomba hii," alisema. "Wanakununua ungali maua." Kisha akamgeukia wakala, kwa upole kabisa: "Mwanangu, ya kwake itoe."

Ile raba ilichukua muda kufunguka. Nakumbuka vidole vya wakala, na nyaraka za watu nisiowajua zikiteleza juu ya meza yenye maji ya soda, na mimi nikizifuta moja moja kwa kanga kama vile ni zangu.

Laki 2 hazikurudi. Baadaye ndipo nikajua kwamba mwongozo wa Uingereza wenyewe unakataza kumtoza mtu ada ili umpatie kazi ya aina hiyo, na kwamba mwaka uleule Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi 55 ambazo watumishi wake wa afya wasifuatwe kiholela. Pale uani hakuna aliyelitaja hilo. Tulichokuwa nacho ni kangomba.

Mwenzangu alikwenda. Mama yake, pale Mikindani, sasa ana bati jekundu na kisima. Kuna usiku mmoja mwenzangu huyo alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika mbili na kitu. Nilikuwa namzalisha mtu. Nilipotoka nikakuta umefutwa. Nilimuuliza, akanijibu kwa picha ya theluji. Nikipita pale Mikindani naliangalia lile bati, na siku nyingine nanuna bure kwa mjomba.

"Sasa hii inaisha lini?" binti akauliza, akifungua kurasa. Zote nyeupe.

"2033."

"Bado sana," akasema, akairudisha chini ya mchele.