Piga goti, upate hela: nilivyoshika majina ya mifupa

Jaribio la kwanza la anatomia nilipata 31 kati ya 100. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa stashahada ya utabibu, na mvivu sikuwa. Nilikesha, nikaandika majina kwenye daftari mara kumi kumi kama mtoto aliyepewa adhabu, kufika asubuhi yote yameyeyuka. Mtu mzima ana mifupa 206, na mingi ina majina ya Kilatini yasiyofanana na neno lolote nililowahi kulisikia nyumbani.

Aliyenitoa huko ni mwenzangu wa chumbani, binti wa Pemba. Nadhani alichoka tu kunisikia nikibwabwaja usiku. Siku hiyo umeme umekatika, akasema kutoka kitandani kwake:

"Kitendawili!"

"Tega."

"Piga goti, upate hela."

Nikataja ombaomba. Nikataja posa. Nikataja sadaka. Kila jibu anaguna tu.

"Nipe mji."

"Haya, nenda Tanga."

"Nimekwenda Tanga, nimekula, nimekunywa, nimerudi. Jibu ni patela."

Pata hela, patela: pia ya goti. Nilicheka mpaka wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Na jina lile halikunitoka tena.

Siri yake ilikuwa kuyasoma majina herufi kwa herufi, kwa Kiswahili, kisha kutafuta yanagongana na neno gani. Mfupa mkubwa wa ugokoni ni tibia, na ukipigwa teke hapo lazima utafute dawa ya kutibia. Mlevi anaambiwa afanye nini kuhusu ini lake? Ahepe pombe, basi kila neno linaloanza na "hepa" nililipeleka kwenye ini. Mirija miwili itokayo kwenye figo ni ureta, na kazi yake ni kuleta mkojo kibofuni. Hii ya mwisho niliitunga mimi, mtu wa kanda ya ziwa. Mpemba wangu aliikataa usiku mzima, akisema anayechanganya r na l hana ruhusa ya kutega kitendawili.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya kapu na tarishi. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoungana na mkono, inaitwa kapali, nayo ni 8. Ya nyuma ya wayo na kifundo cha mguu ni tasali, nayo ni 7. Nilikuwa nayachanganya kila siku. Kapu hubebwa kwa mkono. Tarishi wa ofisi hutembea kwa miguu, siku saba za wiki. Kwisha.

Halafu redio. Kigasha kina mifupa miwili, radiasi na alna, na mwalimu hakuchoka kuuliza ipi iko upande gani. Nililala gizani nikazungusha kidole gumba na cha shahada kama natafuta stesheni kwenye redio ya babu, mkono wa pili nimeushika ule unaozungusha, chini kidogo ya kiungo cha kiganja. Nikausikia kabisa mfupa wa upande wa gumba ukizunguka, na mwenzake umetulia. Unaozunguka ndio radiasi. Jaribu mwenyewe.

Sasa aibu yangu. Kwenye mtihani wa mdomo niliulizwa, "Pia mata iko wapi?" Sikusita hata kidogo. Niliinama nikagusa goti. Si ni pia ya goti? Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama kama mgonjwa. Pia mata ni utando mwembamba uliogandamana na ubongo na ugwe ulio ndani ya uti wa mgongo. "Mata" ni mama kwa Kilatini, na jina zima lilitafsiriwa zama za kati kutoka Kiarabu, ambako utando huo uliitwa "umm", yaani mama huyohuyo. Pia ya kwetu, ile ya mtoto kuzungusha kwa kamba, haimo.

Nilirudi chumbani nimenuna, nikamlaumu Mpemba. Akanijibu kwamba kosa ni langu, nimeshika sauti nikaacha mahali. Alikuwa kweli. Patela ilinishika kwa sababu fumbo lenyewe lilikuwa limepiga goti. Redio ilikuwa gumbani. Kwenye pia nilikuwa na mlio mtupu. Tukaitengeneza upya usiku uleule. Ubongo una tando tatu, na kutoka nje kwenda ndani unahesabu: dura, araknoidi, na pia. "Na pia" huja mwisho wa orodha, kwa hiyo ndiyo ya ndani kabisa, inayogusana na ubongo.

Fiziolojia haikukubali mchezo huu sana. Huko unaulizwa kitu kinafanyaje kazi, na hakuna mlio wa neno utakaokueleza hilo. Tuliambulia moja tu ya maana, sistoli: "si stuli", hakuna kukaa, moyo unabana na kusukuma damu. Ukilegea na kujaa ni dayastoli, hapo ndipo stuli inaletwa. Tatizo jingine ni kwamba mwalimu akiyatamka kwa Kiingereza chake, ureta inakuwa "yurita" na fumbo linavunjika. Ilibidi kila jina niliandike kwanza pembeni ya karatasi ndipo nilisikie.

Jaribio lililofuata nilipata 67. Maswali mawili ya mfupa mmoja nilikosa yote, na mfupa wenyewe ni fibula, ule mwembamba ulio upande wa nje wa tibia. Tuliihangaikia wiki mbili. Usiku wa mwisho kabla ya likizo Mpemba akaniita, "Kitendawili!" Nikamjibu, "Tega." Akasema, "Fibula." Nikamwambia hicho ndicho jibu, si swali. Akanyamaza kidogo, kisha akasema nimpe mji. Nikampa Bagamoyo.

Hajarudi mpaka leo.