Ketoh ya Wanavajo

Fundi ngozi wa Majengo, hapa Dodoma, nimetekwa na pambo la Marekani! Ketoh ya Wanavajo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani, ni mkanda mpana wa ngozi wa kuvaa kwenye kifundo cha mkono, wenye bamba la fedha, mara nyingi na jiwe la feruzi katikati. Awali ulikinga mkono ulioshika upinde usichapwe na ugwe. Wasandawe wa Chemba, wenye jadi ya kuwinda kwa upinde, hawahitaji kuelezwa hilo. Kinachonivutia ni bamba: fedha iliyoyeyushwa humiminwa kwenye kalibu iliyochongwa katika jiwe laini, kisha husuguliwa mpaka ing'ae. Mengine hufuliwa kwa nyundo. Upinde umewekwa kando, ketoh imebaki urembo wa wanaume. Yangu nitaweka shaba. Fedha, kwa bei ile, hapana.