Pikseli 99 zinazotupwa

Leo nimeshinda na picha za bitimapu, yaani picha zilizopangwa kwa vitone vya rangi viitwavyo pikseli, nikiandika programu ndogo ya kuzinakili na kubadilisha ukubwa wake. Kazi hii maktaba yoyote ya picha, yaani mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa, huimaliza kwa mstari mmoja, na siku nyingi naiachia maktaba. Ila nikiifanya kwa mkono, kitanzi cha kurudia amri ndani ya kitanzi kingine, ndipo naona mstari ule mmoja umemeza mangapi.

Tuanze na kunakili. Katika lugha ya programu ya Python, ukiwa na picha iitwayo a kisha ukaandika b = a, hujanakili kitu. Una majina mawili ya picha ileile. Chora duara jekundu kwenye b, na kwenye a nako lipo. Ndiyo maana Pillow, maktaba ya picha ya Python, ina amri ya copy(). Kinachoniudhi ni kwamba humo humo resize() hukupa picha mpya na kuiacha ya zamani salama, ilhali thumbnail() huipunguza ileile uliyoishika na hairudishi chochote. Amri mbili zenye kazi karibu moja, tabia mbali kabisa! Walau thumbnail() hutunza uwiano wa upana na urefu bila kuombwa.

Baiti nazo zina mambo yake. Faili la BMP, aina mojawapo ya faili za bitimapu, la biti 24 hutumia baiti 3 kwa kila pikseli, na mpangilio ni bluu, kijani, halafu nyekundu. Tena kila mstari wa pikseli sharti ufikie idadi ya baiti inayogawanyika kwa 4. Picha yenye upana wa pikseli 5 ina baiti 15 kwa mstari, basi hujaziwa moja tupu zitimie 16. Ukizidisha upana kwa 3 na kuisahau hiyo moja, picha hulala upande: kila mstari umesogea kidogo kuliko uliotangulia, na rangi zimebadilishana nafasi.

Kukuza picha hakunisumbui sana. Pikseli mpya hazina pa kutoka isipokuwa kwa zilizopo, kwa hiyo ama unarudia ya jirani upate vijiraba, ama unachanganya majirani 4 au 16 upate ukungu. Kasoro inaonekana wazi, na kila mtu anaitarajia.

Kupunguza ndiko kwenye hila. Picha ya pikseli 4000 kwa 3000 ina pikseli milioni 12. Ukiipeleka kwenye 400 kwa 300, kila pikseli mpya inasimama badala ya 100 za zamani. Njia ya jirani wa karibu huchukua 1 na kuzitupa 99. Waya wa uzio hukatika vipande, na shati la mistari myembamba huota mawimbi ambayo mvaaji hakuwa nayo. Hata njia ya kuchanganya majirani 4 huacha 96 bila kuzitazama. Dawa ni kuzisoma zote 100 na kuchukua wastani.

Wastani wa nini, sasa? Chukua picha ya miraba kama ubao wa drafti, pikseli nyeusi yenye namba 0 na nyeupe yenye namba 255 zikipokezana. Wastani wa namba ni kama 128. Lakini namba hizo si kiasi cha mwanga. Zimepindwa kwa mkunjo wa sRGB, kanuni ya kuandika rangi za picha kwa namba, ili giza lipewe ngazi nyingi zaidi. Nusu ya mwanga wa 255 iko kwenye 188 hivi. Ukiweka 128, picha ndogo inakuwa na giza kuliko ile kubwa ukiitazama kwa mbali. Ilipasa kuurudisha kwanza mwanga halisi, kutafuta wastani wake, kisha kuupinda tena. Programu nyingi hazijisumbui, na kwa picha ya uso wa mtu huenda usigundue. Kwa anga la usiku lenye nyota, utagundua: nyota hufifia.

Pikseli zisizoonekana, kama za mandharinyuma ya nembo, nazo zina rangi iliyofichwa, mara nyingi nyeusi. Ukizichanganya hivihivi, nembo yako itavaa ukingo wa masizi. Zidisha rangi ya kila pikseli kwa kiwango chake cha kuonekana kabla ya wastani, kisha gawanya kwa wastani wa viwango hivyo.

Programu yangu sasa inafanya yote mawili, na kwa picha kubwa inajikokota. Sitaipunguzia hesabu. Ninapotaka haraka, Pillow ipo.