Kuku wa Nani?

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nilikuwa nimeandaa neno juu ya utoaji. Nimeliweka pembeni kwa sababu ya kuku, tena si wangu.

Jumanne jioni nikitoka maombi nilimkuta tetea kajibanza chini ya uzio wa michongoma. Mbwa walikuwa wamemchana, ngozi imefunuka toka shingoni hadi kwenye bawa, na nzi wameshawahi. Nilipita. Ndiyo, nilipita kama yule Mlawi wa mfano wa Msamaria mwema, nikijiambia mwenye kuku atamtafuta. Hatua chache mbele Kumbukumbu la Torati 22 ikanikaba: mnyama akipotea nawe humjui mwenyewe, mpeleke kwako akae mpaka atakapotafutwa. Nikarudi, nikamfunga kwenye kanga. Jirani aliangua kicheko.

Mabuu niliyatoa moja moja kwa kibanio cha nyusi, nikamwosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, nikampaka asali. Maji ya sukari nilimdondoshea pembeni mwa mdomo. Alilala jikoni ndani ya boksi la sabuni, na kila nikishtuka usiku nilimgusa nione kama bado anapumua.

Alhamisi akasimama. Kwa furaha nikamwachia bandani kwa wenzake. Kabla sijafunga mlango walishauona ule wekundu, na kuku akiona damu hudonoa, hana simile. Aliyeanza ni kishingo wangu, mpole kuliko wote.

Wapendwa, niliomba usiku ule maneno yakagoma. Kuna binti tuliyekuwa naye kwaya, akapata ujauzito, akaacha kuja. Akina mama tulisema tunamwombea. Uongo! Tulidonoa. "Nawashirikisha ili tumbebe kwenye maombi," kisha huyu anaongeza alichosikia sokoni, yule anaongeza alichokisia. Na aliyeanza ni mimi.

Tuache, jamani. Mwenye kidonda kibichi hasimamishwi katikati ya watu akaguliwe. Anatafutiwa pa kujilaza, penye giza na utulivu, na mtu mmoja wa kumdondoshea maji. Yesu alipojifananisha na kuku katika Mathayo 23 alitaja mabawa, mdomo hakuutaja. Ukimjua binti wa namna hiyo mtaani kwako, jina lake usilipeleke kwenye maombi ya Jumatano. Mpelekee sukari. Mbebee ndoo ya maji. Kaa naye hata kama hamna la kuongea, na ukitoka hapo usimsimulie mtu, hata mumeo.

Tetea amerudi kwenye boksi lake. Mwenyewe hajatokea.

Jana nilikwenda kwa yule binti. Mama yake alifungua mlango nusu.

"Umetumwa na nani?"

"Nimekuja mwenyewe, dada."

Aliutazama mfuko wa sukari mkononi mwangu, akasema mtoto amelala. Nilisikia redio ndani, na mtu akiimba sauti ya pili. Nitarudi kesho.