Kushuka Magadi na Morris ya 1967

Tulitoka Buruburu, Nairobi, alfajiri, kwa sababu Morris Minor ya 1967 na foleni ya Rongai haviivi chungu kimoja. Mjomba alishika usukani. Mimi nilipewa madumu ya maji, tambara, na kijiti cha mwanzi nilichokichonga mwenyewe.

Kijiti kilikuwa na kazi maalumu. Fundi mmoja wa Kirinyaga Road alishatoa hukumu kwamba gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na mwili wake, imeungua na injini ishushwe. Ushahidi wake ulikuwa mmoja tu: kila mjomba akijaza rejeta asubuhi, jioni maji yamepungua. Kwa hiyo kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi, nilizamisha kijiti na kuweka alama. Maji yalikuwa vidole viwili chini ya mdomo, yakifunika mirija yote.

"Mjomba, leo hatuongezi. Tunapima tu."

"Litatukaushia njiani hili, mpwa wangu," akasema, ila akaliweka dumu chini.

Gari hili halina lile tangi dogo la plastiki ambalo magari ya siku hizi hutumia kupokea maji yanayotanuka. Mfumo wake unabeba lita tano na nusu hivi. Maji yakipanda kutoka joto la asubuhi hadi nyuzi 90, hutanuka kwa takriban asilimia tatu, yaani karibu glasi moja. Ukiwa umejaza mpaka shingoni, glasi hiyo haina pa kwenda ila kupitia kibomba cha pembeni, ikamwagika lami. Kesho yake unaona pengo, unajaza tena, nalo linatema tena. Ukiacha kujaza, maji yatabaki kwenye kina chake na kutulia.

Lang'ata, Bomas, Rongai, Kiserian: tulipita bila neno. Dashibodi ya Morris haina geji ya joto la maji, kwa hiyo dereva huendesha kwa pua na masikio. Corner Baridi tulisimama kwenye upepo, Bonde la Ufa likiwa limetandazwa chini yetu. Mjomba alinyoosha mkono kwenye kifuniko, nikamzuia. Kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi. Maji yaliyobanwa humo yakipata upenyo huchemka ghafla na kuunguza uso.

Baada ya Olepolos barabara inateremka na joto linapanda. Tulipitia Olorgesailie, mahali Louis na Mary Leakey walipochimba miaka ya 1940, na mashoka ya mawe bado yamelala pale pale ardhini. Ningependa kukaa zaidi, lakini mjomba hana subira na mawe.

Magadi, kando ya ziwa la magadi lenye wekundu, alizima injini. Haikupita dakika, kibomba kikaanza kudondosha. "Umeona sasa!" Nilimweleza kwamba ukizima injini, pampu na feni husimama papo hapo, lakini chuma bado kina moto wake, hivyo joto la maji hupanda kwanza kabla ya kushuka. Hakuridhika. Tukala, tukangoja hadi kila kitu kikapoa, nikafungua kwa tambara. Kijiti kilionyesha maji yameshuka chini ya alama, kama nusu kidole.

Hapo ndipo nilipokiangalia kifuniko chenyewe. Mpira wake ulikuwa mgumu na umepasuka. Nairobi, kwa mwinuko wake, maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima cha pauni 7, yaani kinachoyabana kwa presha ya pauni 7 kwa kila inchi ya mraba, huyapandisha hadi karibu 107. Kikifa, unabaki na zile 94, na injini yenyewe hufanya kazi kwenye themanini na kitu. Nafasi hiyo ni nyembamba mno, na kupanda kutoka Magadi kunaimaliza.

Tuliirudisha alama kwa maji kidogo, tukangoja jua lipungue, tukapanda kwa gia ya pili na ya tatu, hita ikiwa wazi kabisa ili nayo ivute joto. Miguu ilituiva. Karibu na kilele mvuke ulionekana, tukasimama, tukaliacha lipoe likiunguruma taratibu.

Gasketi iliyoungua ingejionyesha kwingine: mapovu yasiyokoma kwenye rejeta, oili yenye rangi ya maziwa, moshi mweupe usioisha hata injini ikipata moto. Nilitafuta vyote nikakosa. Asubuhi iliyofuata tukaenda Kirinyaga Road, si kwa fundi bali kwenye duka la spea. Muuzaji alitaka kutuuzia kifuniko cha pauni 13, "chenye nguvu zaidi." Tulikikataa. Rejeta hii ni ya shaba iliyolehemiwa miaka mingi iliyopita, na presha ya ziada itatafuta kiungo kilichochoka. Tukachukua cha 7.

Tangu hapo kijiti hakijasogea. Ila maji tuliyoyaona Magadi yalikuwa ya rangi ya kutu, kwa sababu mjomba amekuwa akitia maji matupu ya bomba. Jumamosi tutayamwaga yote, tusafishe, tutie kulanti, dawa ya kupozea injini isiyoleta kutu, nusu kwa nusu na maji. Nimemwonya kwamba kulanti hutanuka kuliko maji, kwa hiyo pengo la juu aliache kubwa kidogo. Amesema ataamini akiona.