Mwingine yuko wapi?

Jioni moja ya Julai nilipanda matatu ya Donholm pale City Stadium, nikampa konda shilingi 100 na kumwambia, "Wawili." Akaitazama ile noti, akanitazama, akatazama kiti cha kando yangu ambapo mama mmoja alikuwa ameshakaa na kikapu chake mapajani. Akaniuliza, "Mzee, mwingine yuko wapi?"

Kwa miaka tisa nilikuwa nalipia viti viwili. Hakuna aliyenilazimisha. Ni ile aibu ya kumwona abiria wa kando amebanwa dirishani, anageuza shingo na kuvuta pumzi kwa sauti ili usikie. Nilikuwa na kilo 131. Jioni hiyo nilikuwa na kilo 84, lakini mkono wangu ulikuwa bado haujapata habari. Nilipomsimulia mke wangu alicheka hadi akashika meza: konda anamuuliza aliyekonda! Nami nilicheka. Ila usiku swali lilirudi, na halikuwa la kuchekesha tena.

Watu wakiniona sasa wanataka kujua dawa. "Ulikunywa nini?" Nitalisema upesi tulimalize. Nilikuwa na miaka 46. Kile kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu iliyopita kilisoma 9.4, ilhali ikifika 6.5 tayari wanakuita mgonjwa wa kisukari. Presha nayo ilikuwa juu. Baba yangu alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 52 na hakuamka, kwa hiyo hesabu niliifanya pale pale kwenye benchi ya kliniki. Nikaacha soda. Ugali ukawa kiasi cha ngumi yangu, sukumawiki na ndengu zikajaza sahani iliyobaki, chapati zikangoja Jumapili. Dawa nilimeza kama nilivyoandikiwa. Na kila jioni nilipofunga duka nilitembea kutoka Kirinyaga Road hadi City Stadium kabla ya kupanda gari. Miezi 19. Basi.

Hayo ndiyo rahisi. Yaliyofuata hakuna aliyenionya.

Nauza vipuri vya magari. Katika biashara hii yetu kitambi ni barua ya benki. Mtu akiingia dukani na kukuta bonge la mtu limeketi nyuma ya kaunta, anajua hapa kuna mali, hata kama mali yenyewe umeikopa. Mimi nilikuwa "mkubwa", "mdosi", na kwa bawabu wa jengo lililo mbele yetu nilikuwa "mheshimiwa". Saluti nilipigiwa bure miaka mingi. Kilo ya thelathini ilipotoka, saluti zikaisha. Siku moja bawabu yule yule, ambaye watoto wake nimewahi kuwachangia karo, akanisimamisha langoni: "Wewe kijana, andika jina hapa, na namba ya kitambulisho." Mtu wa miaka 48 akiitwa kijana angefaa afurahi. Mimi niliandika jina langu mkono ukitetemeka kwa hasira, na sikuelewa namkasirikia nani.

Halafu msambazaji wangu mmoja. Tulikuwa tumefanya kazi miaka kumi, ananipa mali nami namlipa baada ya siku 30. Ghafla akaanza, "Mkubwa, nyakati ni ngumu, wacha tufanye pesa taslimu." Nikadhani kweli nyakati ni ngumu, maana lini zimewahi kuwa laini? Ni jirani wa duka la tatu aliyenitobolea siri: huko mtaani walishasema nina ule ugonjwa. Hawautaji kwa jina. Wanasema "ule ugonjwa" kisha wanatazama chini. Yaani nilijiponya, na ndipo watu wakaanza kunizika.

Nilikaa na hilo miezi mitatu bila kumwambia mtu. Kiburi. Mama yangu alipiga simu kutoka Kangundo usiku, jambo ambalo halifanyi, akaniambia, "Mwanangu, niambie ukweli, mimi ndiye niliyekuzaa." Nikamwambia niko salama. Kumbe alikuwa ameshaitisha maombi mara mbili. Mama mboga wa karibu na nyumba yetu alianza kuniongezea matunda bila malipo na kunipa pole ya sauti ya chini. Nikawa naogopa kupita hapo.

Nguo nazo zilinifundisha jambo. Nilikuwa na suti moja ya kijivu, niliyoivaa kwenye mazishi ya baba na kwenye harusi ya mdogo wangu. Nikampelekea fundi aipunguze. Akaigeuza, akaipima, akanishikia suruali mgongoni na kunionyesha: akikata kitambaa cha kiasi hicho, mifuko miwili ya nyuma itakutana katikati na kuwa mmoja. "Hii si kupunguza, mzee, hii ni kushona upya." Suti zingine na mashati niliyafunga kwenye gunia yakaenda kwa kijana anayeuza mitumba Gikomba. Ya kijivu sikuitoa. Inaning'inia kabatini kama mgeni aliyekataa kuondoka, na sitaki ushauri wa mtu juu yake.

Sasa niseme la ndani, maana wanaume hatulisemi. Ngozi hairudi. Unapokaa mnene miaka ishirini inanyooka, na ukipungua kwa umri wangu inabaki ikining'inia, tumboni na mapajani, kama shati la kuazima. Nilipokuwa na kilo 131 sikuwahi kuona haya mbele ya mke wangu. Nilipofika 84 nikaanza kuzima taa. Alivumilia wiki kadhaa, kisha usiku mmoja akaiwasha, akakaa kitandani. Nilijua anataka kuzungumzia mwili wangu. Hakuuzungumzia. Akasema, "Baba Mumo, mimi silali siku hizi."

Nilikuwa nakoroma, hilo mtaa mzima ulijua. Nisichokijua ni kwamba katikati ya kukoroma nilikuwa nanyamaza. Pumzi inakatika, kimya, kisha nashtuka na kuvuta hewa kama mtu aliyetolewa majini. Daktari baadaye alinieleza kwamba mafuta ya shingoni hubana njia ya hewa mtu akilala. Mke wangu alikuwa amejifunza kulala ndani ya ile kelele. Kelele ikikoma, anaamka na kunisukuma. Miaka yote hiyo kimya ndicho kilikuwa hatari. Sasa nalala kimya usiku kucha, naye anaamka mara tano kuweka mkono kifuani mwangu.

Tuliongea hadi adhana ya alfajiri ikasikika. Niligundua kwamba mwili uliobadilika ulikuwa mmoja, lakini waliopaswa kuuzoea walikuwa wawili. Alikuwa anaogopa pia kitu kingine, kwamba mwanamume aliyejirudishia ujana atatafuta wa kuutazama ujana huo. Nilicheka, nikamwonyesha tumbo kwenye mwanga wa taa. "Nani atautazama huu?" Akalivuta kidogo kwa vidole viwili na kuliachia. Tangu siku hiyo taa sizimi.

Njaa ndiyo ilinipeleka kwa muuguzi wa kliniki. Nilikuwa nadhani ukishapungua njaa inakubali kushindwa. Haikubali. Jioni nikipita soko la nyama la Burma na kuona nyama zilivyoning'inizwa, mate yalinitoka kama mbwa, na nikajiona mlafi asiyefaa. Muuguzi akanieleza kuhusu utafiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 2011: watu waliopunguza uzito kwa wiki kumi, na mwaka mmoja baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado zinawaambia wale. Mwili unahesabu mafuta uliyopoteza kama deni. Sijui kama nilielewa yote, lakini nilitoka pale bega moja limeshuka. Kumbe si tabia mbaya. Nina mwili unaonidai, na sina mpango wa kuulipa wote.

Ila aliniuliza pia swali ambalo sikulipenda: "Kabla ya haya, ulikuwa ukila lini zaidi?" Nikaanza kumjibu habari za saa, akatikisa kichwa. Nikafikiri. Nilikuwa nikila baada ya kufunga duka. Kama siku ilikuwa mbaya, nusu kilo ya nyama. Ikiwa mbaya zaidi, kilo nzima na soda mbili. Baada ya mazishi ya baba nilikula hivyo mwaka mzima. Nyama ilikuwa inanikalia mahali pa machozi, na nilipoiondoa nikabaki na jioni tupu na baba ambaye sikuwahi kumlilia. Hapo ndipo alinielekeza kwa mshauri nasaha. Nilienda mara sita. Mara ya kwanza nilizungumza juu ya bei ya vipuri. Mara ya nne nililia hadi nikaomba radhi.

Mengine niliyafanya mwenyewe. Mizani naipanda Jumapili tu, kwa sababu nilipokuwa naipanda kila asubuhi ndiyo iliyokuwa inaniambia nitakuwa na siku gani. Desemba iliyopita niliongeza kilo nne na nikaogopa kiasi cha kutotaka kutoka nyumbani. Muuguzi akaniambia nirudi kwenye kutembea na niache kujihukumu, na kufikia Machi tatu zilikuwa zimeondoka. Msambazaji nilimwalika chai. Nikamwambia bila kuzunguka, "Nina kisukari. Kilikuwa 9.4, sasa ni 5.9. Kama uliambiwa kingine, twende kliniki pamoja." Aliona haya, akakoroga chai iliyokuwa haina sukari ya kukoroga, kisha akanieleza kwamba mke wake pia anacho na hataki kumeza dawa. Tukaongea saa nzima juu ya mke wake. Mali ya mkopo ilirudi, kwanza nusu.

Chama chetu bado hukutana Kenyatta Market Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nilikuwa nimeacha kwenda, nikisingizia kazi, kwa kuogopa nyama. Kisha nikagundua siiogopi nyama, naogopa kwamba pasipo kula kwangu hawatakuwa na la kunitania. Nilirudi. Nachukua robo na kachumbari sahani nzima. Bado wananiita Bonge, na nimewakataza kuacha.

Mama alikuja mwezi wa Aprili na kuku kwenye kikapu, tayari kwa ugonjwa wowote. Alifika mlangoni akasimama, hakunisalimu. Alinitazama usoni kwa muda mrefu hadi mke wangu akamwuliza kama yuko sawa. "Anafanana na baba yake," akasema, "alipokuja kwetu kunichumbia." Sisi watoto hatukuwahi kumwona baba akiwa mwembamba, na picha za wakati huo hazipo. Nikaenda kujitazama kwenye kioo cha sebuleni, mama nyuma yangu akinionyesha kwa kidole: shavu lile, taya lile.

Kisha akaingia jikoni. Wakati wa kula aliniwekea mapaja yote mawili ya yule kuku. Nilikula moja.