Kiyama ya mwili

Mama tulimzika siku ya tatu. Kwa majirani zetu Waislamu wa Mbweni, Unguja, siku mbili za kungoja zilikuwa nyingi mno. Bibi wa mlango wa pili, aliyenilea kama mama mwenyewe, alikuja asubuhi ya kwanza na birika la chai ya tangawizi na maandazi, akakaa mkekani kimya. Baadaye akanisogelea sikioni: "Mwanangu, maiti hawekwi. Mnangoja nini?"

Tulikuwa tunawangoja wajomba kutoka Masasi. Basi mpaka Dar es Salaam, halafu boti. Akaitikia kwa kichwa, akainuka, akaingia jikoni kuosha vikombe. Siku ya maziko hakwenda makaburini, kwao wanawake hawaendi. Alibaki kutupikia wali.

Huko Masasi hatukufika kwa bahati tu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akitaka kuwarudisha kwao, wakaishia kukaa Masasi. Mama alidai babu wa babu yake alikuwamo. Karatasi hakuna, ni maneno yake tu, nami sina wa kubishana naye tena.

Mkunazini, mjini Unguja, ndiko mama alikokuwa akisali. Soko la watumwa la hapo lilifungwa 1873, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa pale jiwe la msingi la kanisa. Mbele ya altare kuna duara la marumaru nyeupe sakafuni. Inasimuliwa kuwa hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watu. Watalii hulipiga picha. Mama alikuwa akilizunguka, hata foleni ya komunyo iwe ndefu vipi. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza kwa nini, akanijibu, "Hapa ni mwili ndio uliouzwa, roho haikuuzwa. Basi Mungu ana deni la mwili."

Sijui kama padri angekubali theolojia hiyo. Mie nimeikubali. Ndiyo maana maneno ya matangani, eti roho yake imepumzika mahali pema, yalinipita bila kunigusa. Roho ya mama siijui. Namjua yeye: kovu kwenye kidole gumba alichojikata kwa mbuzi ya kukunia nazi, na magoti yaliyomgomea miezi minane ya mwisho. Alikuwa akikaa kwenye ile mbuzi akune nazi moja, halafu aniite nije nimnyanyue. Mara nyingine nilichelewa kwa kusudi, nimechoka. Hilo bado linaniuma.

Kaburini padri alisoma Wakorintho wa Kwanza, sura ya 15, pale Paulo anapofananisha maiti na mbegu inayopandwa. Biblia yetu pale inasema "kiyama ya wafu". Ukikulia Unguja, kiyama ni neno la kutisha, ndilo wanalotupiana watu wakigombana sokoni. Lakini asili yake, kwa Kiarabu, ni kusimama. Nilikuwa nalijua hilo tangu shule, ila siku ile, mchanga ukimwagwa, ndipo lilipoingia. Kusimama! Yaani mama atainuka kwenye mbuzi yake bila kuniita.

Na Yesu mwenyewe aliporudi hakurudi kivuli. Luka anasema wanafunzi walidhani wameona roho, naye akawaonyesha mikono na miguu, kisha akawaomba chakula, wakampa kipande cha samaki wa kuokwa, akala mbele yao. Makovu alikuwa nayo bado. Nalishikilia hilo kwa sababu ya kile kidole gumba.

Usiku mwingine siamini chochote. Naamka saa tisa, nasikia feni tu.

Wiki iliyopita bibi alikuja kuiazima mbuzi ya mama, yake imevunjika jino. Nikasita. Nikamwuliza, kwenu watu watafufuka na miili? Akanishangaa: "Kwani Mungu aliyeiumba mifupa atashindwa kuikusanya?" Nikampa.

Jana akairudisha, imesuguliwa kwa majivu hadi inang'aa. Akaiweka mahali pake nyuma ya mlango wa jikoni.

"Nimeirudisha," akasema. "Mwenyewe asije akanidai kiyama."